Binti yangu hajui kuogelea na anataka kwenda kambi ya kutengeneza boti, nimruhusu?

"Shikamoo mwalimu. Nipo Mbeya mjini, nina binti wa miaka 10 yupo darasa la tano. Likizo hii ya mwezi wa sita kuna kambi ya siku sita karibu na Tukuyu, watoto wanagawanywa wanne wanne wanatengeneza boti wenyewe kwa madumu, chupa za maji, mianzi na kamba, siku ya tano wanashushwa Matema wakazijaribu Ziwa Nyasa na kuna mashindano. Sa hivi haongei kingine ni boti tu, ameshachora kama kumi. Shida hajui kuogelea kabisa. Baba yake anasema ajue kuogelea kwanza ndo aende. Bibi yake anasema mtoto wa milimani na maji wapi na wapi, tena wa kike. Nikampigia mwandaaji, akaniambia nisiwe na wasiwasi madumu hayazami, kila mtoto atafungiwa kidumu cha lita tano mgongoni, na watakaa maji ya kiunoni tu. Nimeridhika nusu. Je nimruhusu? Na nikimruhusu nimnunulie nini? Pia nasikia ziwani kuna mamba na kichocho."

Marahaba mama yangu. Nikupe jibu lenyewe kabisa usije ukasoma mpaka chini roho ipo juu: mimi ningemruhusu, ila sio kwa mpango huo uliopewa kwenye simu. Hilo la kidumu mgongoni libadilike kwanza, na lisipobadilika basi binti akae kambini siku zote za kujenga, afu siku ya Matema abaki nchi kavu hata akilia. Kazi yangu ni ufundi wa boti ndogo na kufundisha watoto usalama wa maji, huku kwetu Nyanda za Juu watu wananishangaa kidogo maana sisi tunajulikana kwa viazi na chai, lakini nimeshakaa na watoto kwenye kazi hizi misimu mingi na hofu yako naijua, huwa naiona kwenye macho ya wazazi siku ya kuzishusha.

Mtoto wako hajui kuogelea, boti kaitengeneza yeye na wenzie ambao nao ni watoto, na mtu mzima anayesimamia anakwambia haizami. Wewe unasikia kabisa kuna kitu hakijakaa sawa ila hujui ni kipi. Kipo kweli mama, na kimejificha kwenye hilo neno "haizami".

Kuelea ni kazi nyepesi sana, hesabu yake hata binti yako anaiweza. Kitu kikiingia majini kinayasukuma maji yaliyokuwa pale, na maji nayo yanakisukuma juu kwa nguvu ya uzito wa maji yale yaliyosukumwa. Lita moja ya maji ni kilo moja. Dumu la lita 20 likifungwa vizuri na kuzamishwa lote linabeba kilo 20, toa uzito wa dumu lenyewe weka kilo moja, inabaki 19. Haya, watoto wanne wa kilo 30 ni 120, mianzi na kamba weka 35, makasia 5, jumla 160. Gawanya kwa 19 unapata nane na kidogo, kwa hiyo madumu tisa. Hapa ndo makundi mengi yanaishia, yanafunga tisa yanashangilia, kumbe madumu tisa maana yake yote yapo chini ya maji mpaka juu kabisa, watoto wamekalia maji, na mmoja akiinuka tu mambo yameisha. Mimi nawaambia zidisha mara mbili, yawe 18, hapo nusu ya dumu inabaki juu na boti ina akiba. Kwa chupa za lita moja na nusu hesabu hiyo hiyo inakuja zaidi ya chupa 200, na kila kizibo lazima kikazwe, ndo maana chupa nazipenda kwa kujazia pembeni ila sio kubeba kundi zima.

Kuna jambo moja hapa la kwetu kabisa ambalo vitabu vya watu wa bahari havina. Si unajua ukinywa maji ukafunga chupa tupu hapo Mbeya, ukishuka nayo Kyela inabonyea kama imekanyagwa? Tukuyu ipo juu kama mita 1,500, Matema ipo kama 480, na hewa ya chini ni nzito kuliko ya juu, kwa hiyo hewa iliyofungiwa Tukuyu ikifika ziwani inabanwa inapungua karibu sehemu moja ya nane. Boti iliyojengwa kambini ikafungwa kila kitu inafika Matema chupa zimebonyea, madumu yameingia mbavu, na kamba zilizokuwa zimekaza zote zimelegea kwa sababu kile zilichokikaza kimesinyaa! Ongeza na mtikisiko wa Fuso barabarani. Dawa yake ni ndogo, wakifika ziwani wafungue kila kizibo hewa iingie, wafunge tena, afu wakaze kamba upya kabla ya kitu chochote kugusa maji. Mwambie binti, atawashangaza wenzie, na amuulize mwandaaji kama hilo limewekewa muda kwenye ratiba.

Sasa kupinduka. Chukua gogo ulitupe majini, linaelea vizuri tu halizami hata mwaka, sasa panda juu yake usimame. Unaona? Gogo halijazama ila wewe upo ndani ya maji. Kuelea na kutopinduka ni mambo mawili tofauti kabisa na watoto wanaumizwa na hili la pili. Boti ikiinama upande mmoja, upande ule unaingia zaidi majini na maji yanausukuma urudi, na msukumo huo ukiwa mbali na katikati ndo unakuwa na nguvu ya kuinyanyua, sawa na kusukuma mlango ukiwa kwenye kitasa au ukiwa karibu na bawaba. Kwa hiyo mistari miwili ya madumu ukiitenganisha, badala ya nusu mita ikawa mita nzima, ugumu wa kupinduka unapanda kama mara nne. Watu wa pwani walilijua hili zamani ndo maana ngalawa ina mbao mbili zimetupwa mbali pembeni, mtumbwi wenyewe mwembamba ila hauanguki. Upande wa pili wa hesabu ni uzito wa juu. Mtoto akikaa chini kabisa miguu imenyooka boti inatulia, akipiga magoti inaanza kuyumba, akisimama ameshaipandisha hatari yeye mwenyewe. Na wote wakihamia upande mmoja kwa pamoja hata boti nzuri inakwenda. Hili si la watoto tu, sote tunakumbuka MV Nyerere pale karibu na Ukara, 20 Septemba 2018, kivuko cha watu kama 100 kilikuwa kimebeba zaidi ya mara mbili, kikapinduka karibu na nchi kavu watu wakiwa wanaiona gati, tukapoteza zaidi ya 220. Naitaja kwa uchungu lakini naitaja, maana boti ya watoto inafuata sheria zile zile za maji.

Nilijifunza hili kwa njia mbaya. Miaka ya nyuma niliitwa kusaidia kambi moja, sisemi ya nani, boti ilikuwa imara imejengwa vizuri na nilikuwa nimeshaikagua kwa mkono wangu, madumu ya kutosha, kamba safi. Upepo ukapeperusha kofia ya mtoto mmoja, ikatua majini pembeni, na watoto wote wanne wakajirusha upande ule kuidaka kwa wakati mmoja. Ilipinduka kama ukurasa wa kitabu. Watatu wakaibuka, wa nne hakuibuka, alikuwa chini ya boti, kamba iliyoachwa inaning'inia imemshika mguu. Alikuwa maji ya kifuani tu na nilikuwa hatua nne kutoka kwake, nikamtoa, alikohoa akalia akapona. Zile hatua nne mama nimezitembea usingizini mara nyingi. Tangu siku ile sikagui tena kama boti inaelea, nakagua itakuwaje ikipinduka: kamba zote ncha zimekatwa fupi na kufichwa, hakuna mtoto anayefungwa kwenye boti kwa namna yoyote hata iwe mkanda wa kiti, hakuna paa la turubai, hakuna kuingiza miguu katikati ya madumu, na misumari hairuhusiwi, tunafunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli na kamba basi.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mwandaaji ni moja: ikipinduka mtafanyaje? Akianza kukueleza nani anasimama wapi, nani yupo ndani ya maji, watoto wamefanya mazoezi gani, huyo mtu anajua kazi. Akikujibu haiwezi kupinduka, usimpeleke.

Haya, kidumu mgongoni. Nia ni nzuri sana na vijijini kweli madumu yameokoa watu, mtu aliyelikumbatia dumu kifuani anaweza kukaa juu ya maji muda mrefu. Lakini likifungwa mgongoni linafanya kazi kinyume. Maji yanasukuma juu kile chepesi, na chepesi kikiwa mgongoni basi mgongo ndo unapanda juu, uso unaelekea chini. Mtoto mwenye nguvu atahangaika ajigeuze, mtoto aliyeshtuka au kujigonga kichwa atabaki vile vile kifudifudi. Laifu jaketi halisi limewekewa maboya mengi kifuani na kwenye kola nyuma ya shingo, ili likugeuze chali na kichwa kinyanyuke. Yale mapulizo ya mikononi nayo hapana, yanachomoka. Na laifu jaketi la mtu mzima kwa mtoto ni hatari nyingine, linapanda juu linamziba uso au anateleza anatoka kwa chini, kwa hiyo lazima liwe la kilo zake, huwa zimeandikwa ndani, na liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu.

Maji ya kiunoni, sawa ni wazo zuri ila kiuno cha nani? Cha mwandaaji au cha mtoto mfupi kuliko wote? Na wakishakaa kwenye boti wanapiga kasia wanaenda, hakuna aliyechora mstari juu ya maji, dakika mbili wameshatoka kwenye kina. Ninavyofanya mimi, boti ndo inafungwa kamba ndefu, boti sio mtoto, mwenye kamba yupo ufukweni anairudisha ikivuka alama.

Kuhusu baba watoto, mweleze kwa heshima kwamba yupo sahihi nusu. Kujua kuogelea ni jambo ambalo kila mtoto anastahili na binti aanze, lakini haiwezekani ikawa ndo tiketi ya kambi hii kwa sababu wiki chache zilizobaki hazimfanyi mtu kuwa muogeleaji, na kibaya zaidi zinaweza kumfanya adhani ni muogeleaji. Watoto wanaojua kidogo ndo wanaonipa kazi kubwa, anaacha boti anajaribu kufika nchi kavu. Kinachowezekana kwa muda huu ni mambo matatu: azoee kuingiza uso majini bila kupaniki, aweze kulala chali juu ya maji akiwa amevaa jaketi, na akae na sheria ya kwamba akianguka anashika boti na kubaki nayo. Mara tatu nne kwenye bwawa la hoteli, hapo mjini hayakosekani, na mkufunzi wa kueleweka, inatosha. Maji ya bwawa la Mbeya mwezi wa sita ni ya baridi hatari, dakika kumi na tano zinamtosha, atoke afutwe avae.

Bibi naye mpe salamu zangu. Wakisi wanaokaa chini ya Milima ya Livingstone, akina mama wanaofinyanga vile vyungu tunavyonunua, wamekuwa wakivipakia kwenye mitumbwi kuvipeleka sokoni miaka na miaka, kwa hiyo mwanamke na maji ya Nyasa wanajuana vizuri. Na watoto wa Rungwe wenyewe nani hajafunga vigogo vya migomba akavipanda mtoni? Ila kwenye moja bibi yupo sahihi, mtoto aliyekulia mbali na ziwa hana macho ya kuliona likibadilika, na ndo maana anahitaji watu wazima wenye macho hayo.

Hapo kwenye watu wazima nikae kidogo maana ndo moyo wa jambo. Watu wengi wanaamini mtoto akizama atapiga kelele na kurusha mikono. Hapana mama. Anayezama anatumia kila pumzi kutafuta hewa, sauti haina nafasi, mdomo unazama na kuibuka, mikono inasukuma maji chini kama anapanda ngazi asiyoiona, na ndani ya dakika moja au chini ya hapo ameshaenda. Kwenye mashindano yenye vigelegele na muziki hakuna atakayesikia kitu. Kwa hiyo lazima kuwe na mtu ambaye kazi yake ni kuangalia tu, hapigi picha, hashiki simu, hashangilii, na anabadilishwa kila baada ya muda mfupi maana macho yanachoka. Kwa wasiojua kuogelea mimi nataka mtu mzima ndani ya maji kwa kila boti, karibu kiasi cha kumgusa mtoto, na boti mbili tu majini kwa wakati mmoja. Mashindano ya boti nane kwa pamoja yanapendeza kwenye picha ila siyataki.

Na wajue kuokoa. Mtu akizidiwa unamfikia kwa kasia au mwanzi mrefu, usipofika unamrushia dumu tupu lenye kamba, kuingia mwenyewe ni mwisho kabisa tena ukiwa na kitu kinachoelea mkononi, maana wengi waliokufa majini walikuwa wanaokoa. Akitolewa hapumui, tafadhali asining'inizwe kichwa chini wala asikandamizwe tumbo kutoa maji, hiyo ndo desturi yetu na inapoteza dakika za thamani halafu inaleta matapishi kwenye mapafu. Anayezama amekosa hewa, kwa hiyo mpe hewa: lala chali, pumzi tano za mdomo kwa mdomo, afu kandamiza katikati ya kifua mara 30, pumzi 2, endelea hivo hivo bila kuchoka huku mwingine anapiga 114 ya Zimamoto na Uokoaji na gari linawashwa. Mwandaaji awe na mtu angalau mmoja aliyefanya zoezi hili kwa mikono yake, na awe ameshajua zahanati ya karibu ipo wapi kabla ya siku yenyewe.

Uchaguzi wa maji sasa. Matema ina uzuri wake, maji ya uvuguvugu na mchanga, lakini mwezi wa sita ndo msimu wa ule upepo wa kusini unaopanda ziwa lote kuja huku kaskazini, wavuvi wengi wanauita mwera, ukiamka unaleta mawimbi yanayovunjikia ufukweni kwenye watoto. Asubuhi mara nyingi kunakuwa kumetulia kuliko mchana. Waende saa mbili, wawe wametoka saa nne na nusu, na mwamuzi awe mvuvi wa pale pale, akisema leo hapana basi ni hapana, hata kama Fuso limeshalipwa. Wakae mbali na pale milima inaposhukia ziwani maana kule ni mwamba na kina kinakuja ghafla. Mamba unawakuta zaidi kwenye midomo ya mito na kwenye matete, serikali ya kijiji na wavuvi wanajua wapi na lini wameonekana, mwandaaji awe ameuliza wiki hiyo hiyo sio mwaka jana. Kama hajauliza muulizie wewe.

Wengine hukimbilia mabwawa ya huku juu wakidhani madogo ndo salama. Ya mashamba ya chai na ya umwagiliaji ni ya baridi kweli kweli msimu huu, na maji yanaunyonya mwili joto kama mara 25 kuliko hewa ya baridi ile ile, mtoto mwembamba hana akiba. Akitetemeka atoke hapo hapo, akianza kuongea maneno yanavutika au ameacha kutetemeka ilhali bado ni wa baridi, huyo ni wa kuvuliwa nguo mbichi, kufunikwa na kupelekwa hospitali. Huko saa nzuri ni kuanzia saa tano mpaka saa nane mchana. Maziwa ya kreta, yaani ya kwenye mashimo ya volkano, kama Masoko na Ngosi siyataki kabisa kwa watoto, kingo zake zinashuka kama ukuta, hatua mbili tatu umeshakosa pa kukanyaga. Bwawa la Mtera lina viboko na mamba, tusiliongelee. Na bwawa la kuogelea ndo salama kuliko yote japo halina raha ya ziwa, kina kinajulikana, maji yanaonekana mpaka chini, boti inazunguka tu, ila kwa mtoto wa kwanza kabisa mimi nisingeona ni hasara. Ukiweza kumshawishi mwandaaji wakaanzia bwawani siku ya nne, wakapindua boti makusudi kila kundi mara mbili huku wanacheka, afu ndo Matema, hapo hata mimi ningemleta wangu.

Jambo ambalo hujaliuliza na linanikera kuliko mamba: madumu yametoka wapi? Huku kwetu ni kilimo, madumu na mapipa mengi ya mtumba pale masoko ya SIDO na Mwanjelwa yalibeba dawa za nyanya, za viazi, asidi, sijui nini. Plastiki inazinyonya zile dawa, ukiosha kwa sabuni harufu inaondoka sumu inabaki, jua likipiga inatoka tena, na watoto watayakumbatia siku nne. Wachukue ya mafuta ya kula au ya juisi yenye lebo yake inayosomeka. Lisilo na lebo liachwe. Mianzi iwe mikavu, ina vyumba vyake vya hewa ndani na ni mepesi, milingoti mibichi waiache maana ni mizito karibu kama maji yenyewe. Vifaa vya kukatia kwa umri wake ni sawa, msumeno mdogo na mtu mzima pembeni, panga hapana.

Na ukienda kuwatembelea siku ya pili au ya tatu, utazame mikono ya nani inafanya kazi. Kama wakubwa ndo wanafunga kamba na watoto wanapitisha vifaa tu, umelipia maonyesho. Kambi nzuri ina beseni la maji na viboti vidogo vya vijiti na vizibo, watoto wanavipakia mawe mpaka vipinduke, wanabishana, wanabomoa, wanaanza tena, na boti lao kubwa linakuwa baya baya hivi limepinda. Umesema ameshachora boti kumi. Hatapata zote kumi, atapata robo ya moja maana wapo wanne na kila mmoja ana michoro yake, mwandae kwa hilo nyumbani, pengine atarudi amelia kuliko alivyolia kwa kitu kingine na pengine ndo jambo kubwa atakalotoka nalo.

Kama ana pumu, kifafa, tatizo la moyo au sikio linalotoa usaha, amuone daktari kwanza kabla hujalipa, na kwa kifafa mimi kwenye boti simpandishi bila daktari kuniandikia. Siku yenyewe akinywa maji akakohoa kisha akatulia, muangalie kwa muda wa masaa sita hadi nane yanayofuata, kikohozi kikiendelea, akipumua haraka, akilegea au kusinzia isivyo kawaida, hospitali usiku huo huo usingoje asubuhi.

Cha kununua ni laifu jaketi lenye kola, la kilo zake. Akalivae pale pale dukani, mikanda ikazwe, afu mnyanyue kwa kushika mabega ya jaketi, likipanda mpaka kidevuni au masikioni ni kubwa, rudisha. Sweta mbili, soksi kavu, taulo, kofia ya sufu kwa usiku wa Tukuyu, na viatu vya kufunga vya kuingilia majini maana malapa yanachomoka. Filimbi itundikwe kwenye jaketi, sio shingoni.

Kichocho kipo Ziwa Nyasa, umesikia kweli. Mayai yanaingia majini kupitia mkojo na choo cha watu, yanakwenda kwa konokono, wanatoka vidudu vidogo vinavyopenya ngozi ndani ya dakika chache tu, na vinatoka kwa wingi zaidi jua likiwa kali, hiyo ni sababu nyingine ya kupenda asubuhi. Kwenye matete na maji yaliyotuama ndo zaidi, mchanga nao sio kinga kamili. Kujifuta haraka kunasaidia kidogo, usikutegemee. Dawa yake ipo, prazikwanteli, na inatibu vizuri ila inawaua minyoo waliokomaa, kwa hiyo kukimbilia kumeza kesho yake haina faida. Weka alama kwenye kalenda, wiki ya sita mpaka ya nane baada ya Matema mpeleke apimwe mkojo na choo hata kama haumwi kitu, na mwambie mhudumu tarehe aliyoingia ziwani. Ukiona damu kwenye mkojo kabla ya hapo usisubiri hiyo tarehe.